Friji Nililolipaka Mafuta ya Papa

Hebu niambie kwanza, weye unayenisikiliza: nyumbani kwako, juu ya friji, umeweka nini? Usinijibu haraka. Nenda kwa akili yako, simama mbele yake, tazama juu. Kitambaa kipo, hilo najua. Kisiwani kwetu friji bila kitambaa ni kama bi harusi kichwa wazi. Na juu ya kitambaa pana maua ya plastiki, au chetezo, au zile sahani za wageni ambazo mgeni mwenyewe hajawahi kuziona. Miye na miye nilikuwa na vitu vyangu pale juu, na kimoja katika hivyo kilitaka kunitoa nyumbani kwangu mwaka jana, mwezi wa mlisho, ule unaotangulia Ramadhani. Ni kitu gani nitakwambia, lakini si sasa. Nikikwambia sasa utacheka, na ukishacheka hutonisikiliza tena.

Nyumba yangu iko Mkoani, Pemba, kwenye mlima kidogo, ukishuka unatokea gatini. Ukifungua dirisha la ukumbini chumvi inaingia kama jamaa wa nyumba, haipigi hodi. Misumari inaliwa, bati linaliwa, hata sindano ya kushonea ukiisahau mwezi mmoja unaikuta nyekundu. Kwa hiyo kutu miye naijua tokea utotoni, hatuogopani.

Friji lenyewe alilinunua marehemu mzee wangu, mwaka karafuu zilipozaa vizuri. Lilitoka Unguja na meli, likapandishwa mlima na wapagazi wanne, na yeye nyuma yao kama mtu anayesindikiza maiti, "Lisimame, jamani, lisimame, msililaze." Wakalilaza. Walipoondoka akakataa kulitia umeme. Akasema limechoka na safari, liachwe lipumzike mpaka kesho. Miye nikamwambia, "Miye nimekuzalia watoto sita, hukuniambia nimechoka." Siku ya pili akalitia umeme, akavuta kigoda, akakaa mbele yake mpaka barafu ya kwanza ikashika. Tukaila wawili, watu wazima, tunatafuna barafu tupu kama watoto.

Alipokufa, friji likabaki kuwa kazi yangu. Natengeneza malai, barafu tamu ya kulamba: ya ubuyu, ya embe, ya nazi na iliki. Watoto wakitoka chuo cha Kurani lazima wapite kwangu, wana sauti kama kunguru, "Hodi, bibi, malai ipo?" Shoga yangu wa nyumba ya pili anaweka samaki wake. Mwengine anaweka unga alioukanda, mwengine maziwa ya mtoto. Ukija mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme. Ikishaingia alasiri unaona madumu na majagi yamejipanga ukumbini, kila moja na alama yake, hili limefungwa kitambaa chekundu, hili uzi, hili mfuniko wa kopo jengine. Nusu saa kabla ya adhana wenyewe wanakuja kuchukua maji yao ya baridi. Watu wanasema bibi yule anasaidia majirani. Uongo. Majirani ndio wanaonisaidia. Watoto wangu wote wameshaoa na kuolewa, wako mbali. Nikikaa siku nzima bila ya kusikia hodi, nitaanza kusema na paka.

Sasa kutu ilianza kama tone la samli, juu, kwenye pembe ya nyuma. Nikaifuta na kitambaa, haikutoka. Nikasema haya, uzee huo, hata miye nina madoa usoni. Baada ya miezi rangi ikavimba kama malengelenge. Kisha ikateremka ubavuni. Kila ikiteremka, na miye nateremsha kitambaa. Nikadarizi chengine kirefu, kikafika nusu ya friji. Shoga yangu akaja kutia samaki wake, akasimama, akatazama juu, akatazama chini.

"Shoga," akasema, "friji lako limeshaanza kuvaa buibui. Linaolewa lini?"

"Linakungoja weye uwe kungwi wake."

Tukacheka. Lakini kutu haikucheka. Ikafika chini, kwenye bawaba, kile chuma kinachoushika mlango. Mlango ukaanza kuning'inia. Nikawa nikitaka kuufunga lazima niuinue kwa mguu, huku nimeshika ukuta, na mgongo wangu huu. Usiponata vizuri barafu inayeyuka, na malai inakuwa uji.

Hapo ndipo nikatumia akili yangu. Baba yangu alikuwa na ngalawa, na kila baada ya muda akiipandisha pwani, akiichoma nje kwa makuti, akiipaka mafuta ya papa. Chombo kile kilikaa majini miaka na miaka hakikuliwa. Nikasema, kama mafuta yanalinda mti ulio ndani ya maji ya chumvi, yatashindwa na bati lililo ndani ya nyumba? Nikaagiza kwa wavuvi wa Kisiwa Panza, wakaniletea chupa nzima. Nikalipaka friji lote, juu, mbavuni, mpaka kwenye bawaba, nikalisugua hasa, likang'aa. Nikajipongeza.

Kesho yake asubuhi nilipoamka nilidhani pwani imehamia ukumbini. Nikafungua madirisha, nikafukiza udi. Sasa ikawa papa aliyefukizwa udi. Watoto wakaja kununua malai ya embe, mmoja akailamba, akaitazama, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Bibi, leo malai yako ya samaki?" Na shoga yangu jioni akarudisha jagi.

"Shoga, nisamehe, lakini maji haya nimeyanywa nikajiona nimo baharini. Nusura nipige kasia."

Alicheka, kisha akaenda akamsimulia binti yake kwa simu, binti yake akamsimulia mumewe, na mumewe anafanya kazi Unguja na mwanangu wa kiume. Haikupita siku mbili simu yangu ikalia.

"Mama, nasikia umelipaka friji mafuta ya papa."

"Nani kakwambia?"

"Pemba nzima inajua, mama. Papa wenyewe wanajua."

"Basi kama wanajua unaniuliza nini?"

Akacheka kidogo, kisha akakohoa. Hapo nikajua, sababu baba yake alikuwa vile vile, akitaka kusema neno zito anakohoa kwanza. Akaniambia friji lile limekwisha, mlango unaweza kuniangukia mguuni. Ameshazungumza na yule anayenunua chuma chakavu hapo Mkoani, atakuja Alhamisi kulichukua. Na miye nikusanye nguo zangu, niende Unguja nikafunge pamoja nao.

"Na baada ya Ramadhani?"

"Baada ya Iddi tutaona, mama."

Hiyo "tutaona" naijua. Dada yangu mkubwa aliambiwa tutaona, akaenda kwa wanawe kwa mwezi mmoja. Mpaka leo yuko huko, na ndani ya nyumba yake sasa wanalala mbuzi. Mwanangu ananipenda, simlaumu, na nyumba yake nzuri, ina vigae. Lakini kule nani atanipigia hodi? Mlango wake una kengele.

Simu ilikuwa Jumapili. Alhamisi iko pale, unaiona. Nikampigia mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anayesoma chuo cha amali, cha ufundi, huku huku Pemba. Huyu namwita mke mwenzangu, maana babu yake alikuwa akimwita mkewe mdogo, na utani huo umebaki. Anajifunza kuchomelea vyuma na kupiga rangi. Na nikwambie kweli, alipokwenda kujiandikisha miye ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilisema msichana na moto wa chuma wapi na wapi, si bora ajifunze ushoni. Sasa ndiye niliyempigia simu, na sauti nimeilainisha kama halua.

Jumatatu asubuhi akafika na mkoba umejaa vyuma. Akanishika mkono, akaubusu, akanusa.

"Shikamoo, bibi. Humu ndani kumekufa nini?"

"Marahaba. Hakujafa kitu. Kuna mgonjwa."

Akaenda moja kwa moja kwenye friji. Akatoa maua, akatoa chetezo, akatoa Kurani yangu ya juzuu amma akaibusu akaiweka mahali pa juu zaidi. Kisha akashika chupa yangu ya achari.

Haya, sasa nimefika. Hicho ndicho kitu chenyewe. Achari ya ndimu. Miye achari yangu inajulikana. Ndimu nazichana, nazishindilia chumvi, pilipili na bizari, natia ndani ya chupa ya mdomo mpana, kisha lazima ipigwe jua, maana achari bila ya jua haiivi. Uani kuna kuku na watoto. Lakini juu ya friji, pembe ya nyuma, jua la alasiri linaingia dirishani linapiga palepale, kama limeelekezwa. Basi achari yangu imekaa hapo miaka. Ikimalizika hii, naweka nyengine, duara moja juu ya duara jengine.

Mjukuu wangu akaiinua, na kifuniko kikabaki mkononi mwake vipande. Kilikuwa cha bati, kimeliwa na chumvi, kimekuwa kama chujio. Akafunua kitambaa. Chini yake pana duara jeupe la chumvi, na katikati ya duara bati limeliwa mpaka tundu, unaona sponji ya ndani. Akatia kidole penye duara akawa anakifuata kinjia, polepole, kama mtu anayefuata siafu. Kutoka kwenye chupa mpaka pembeni, kutoka pembeni ubavuni, ubavuni mpaka chini, chini mpaka kwenye bawaba.

"Hewa ya bahari hiyo," nikamwambia. "Mkoani hii."

"Bibi, bahari haina kosa hapa. Hebu onja."

Akaniletea kidole. Nikaonja. Chumvi, ndimu, na pilipili kwa mbali. Wallahi ilikuwa achari yangu, na ilikuwa nzuri.

Nikakaa kwenye kigoda. Miaka yote ile nailaumu bahari, naifungia madirisha, kumbe miye mwenyewe ndiye niliyekuwa nalilisha friji chumvi, na kitambaa changu cha kudarizi kinaifunika isikauke. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani si friji. Ni mwanangu. Ameshaanza kuniuliza kwa simu kama nimekula, kama nimezima jiko. Akisikia mama yake kaliua friji kwa achari, kisha kalipaka papa, atakuja na meli ya kesho anibebe na kigoda changu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mjomba wako asilijue hili la achari."

Akafungua mkoba wake. "Kwanza tutibu, bibi. Ya kusema yatakuja."

Jambo la kwanza alilofanya nililistaajabia. Hakulizima friji. Akaikunja kanga yangu kiunoni, akaniita, akaniambia niweke viganja vyangu ubavuni mwa friji, nipapase polepole kutoka juu mpaka chini, na kila nitakapoona pana joto nimwambie. Akasema ndani ya ukuta ule mnapita mirija ya gesi, na mrija unapopita pana joto. Ukitoboa palepale, friji limekufa, hakuna fundi wa kulifufua.

"Kwa nini miye na si weye?"

"Mikono yangu imeshakufa kwa kushika vyuma vya moto. Yako imelea watoto sita, homa inaijua hata ikiwa ndogo."

Basi nikapapasa. Hapa baridi, hapa baridi, hapa vuguvugu, hapa joto hasa. Yeye nyuma ya mkono wangu na kipande cha mkaa anachora. Tulipomaliza, ubavu wa friji ulikuwa na mistari inapanda na kushuka kama hina ya mguuni. Ndipo akalizima. Vitu vya watu tukavigawa nyumba kwa nyumba, kila mtu akabeba samaki wake, na shoga yangu akaja kusaidia, yaani kutazama.

"Kwani si ulichomelee tu kiraka?" akamwambia mjukuu wangu. "Si ndiyo unayosomea?"

"Hapa moto hauingii, bibi. Ndani mna sponji na gesi. Nikiwasha, tutafuturu mbinguni."

Shoga yangu akarudi nyuma hatua mbili, ingawa hakuna kilichokuwa kimewashwa.

Siku ile yote tulikuwa tunaosha mafuta ya papa, na kila mstari wa mkaa ukifutika anauchora tena. Sabuni ya unga, maji ya moto, tena sabuni, tena maji ya moto. Rangi haikamati penye mafuta, hata kidogo tu. Kila tukidhani yametoka, mjukuu wangu ananusa, anatikisa kichwa. Nikamwambia sasa naelewa kwa nini ngalawa ya baba haikuliwa, hata mdudu wa baharini ana pua.

Jumanne tukalitoa uani, kwenye kivuli cha banda la kuku, akaanza kukwangua kwa brashi ya waya na msasa. Unajua, kutu ni kama maneno ya watu, unaona kidogo juu, ukikwangua ndio unajua ilivyokwenda. Tundu la juu lililokuwa kama kunde likawa kama yai. Miye nikakosa raha, nikamwambia, "Wataka kulimaliza weye kabla ya mwenye chuma chakavu?" Akasema kutu ikibaki hata punje, ukiipaka rangi juu inaendelea kula humo humo gizani. Nikakumbuka kitambaa changu, nikamwacha akwangue.

Kwenye vipembe ambako brashi haifiki, akaniomba ndimu. Nikamtazama.

"Ndimu ndiyo iliyolila. Sasa ndimu hiyo hiyo iwe dawa?"

"Ndimu inaila kutu pia, bibi. Unasugua, unaiacha kidogo, unasugua tena. Halafu unaiosha kwa maji ya mvua na unaikausha saa ile ile. Ukiiacha hapo, ikimaliza kutu inaanza bati. Weye uliiacha hapo, tena na chumvi yake, miaka."

Basi tukachuma ndimu za uani kwangu, kutoka mti ule ule. Miye nakata, yeye anasugua, mikono imetuwasha wote wawili, lakini bati likatoka jeupe, safi, kama sufuria ya Iddi.

Jumatano akakata bati la kopo kubwa la maziwa ya unga, akalipiga bapa juu ya jiwe, akatengeneza viraka viwili. Akatia gundi ya chuma, akavibana kwa misumari ya kubana pembeni, mbali na ile mistari yangu ya mkaa. Kila akitaka kutoboa anauliza, "Hapa?" na miye naangalia mistari, nasema, "Hapo pita." Sijawahi kuulizwa hivyo na fundi yeyote maishani mwangu. Kisha akapaka rangi nyekundu, ile ya kuzuia kutu. Friji likawa na madoa kama ng'ombe wa kule Shumba.

Ikabaki bawaba ya chini. Ile haikuwa na tiba. Alipoifungua ikavunjika mkononi kama biskuti. Akaenda madukani Mkoani, hakuna. Akapiga simu mjini Chake Chake, hakuna. Friji la zamani, wakamwambia, bawaba zake haziji tena. Akarudi, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akasema, "Bibi, naweza kukutibia kila kitu, lakini friji bila mlango ni kabati." Na miye nikaona Unguja imesogea.

Alhamisi baada ya kiamsha kinywa tukasikia baragumu lake. Yule mnunuzi wa chuma chakavu, mtu wa makamo, anasukuma gari lake la magurudumu mawili. Akaja moja kwa moja uani, akaliona friji limesimama nje, mlango umetolewa, limeegemezwa ukutani. Akafurahi.

"Assalamu alaykum, Bi mkubwa. Naona mmeshanirahisishia."

"Waalaykumu salaam. Hatujakurahisishia kitu. Hilo bado linapumua."

"Nimeambiwa na mwanao."

"Mwanangu yuko Unguja. Friji liko Mkoani."

Akalishika ubavuni kutaka kulipima uzito. Mjukuu wangu akamwambia, "Kaka, rangi haijakauka. Ukiondoka nayo, utaondoka nayo kwenye viganja tu." Akautoa mkono, mwekundu wote. Shoga yangu, ambaye alikuwa tayari ukutani kwake anachungulia, akamuuliza anaolewa lini, maana hina imeshika.

Alicheka mpaka akakaa chini. Mtu mwema yule. Nikamletea kahawa, akawa anakitazama kiraka, anakigonga kwa kucha. "Nani kafanya kazi hii?" Nikamwonyesha kwa kidevu. Akamtazama mjukuu wangu, akalitazama friji tena. "Na tatizo liko wapi sasa?" Mjukuu wangu akamwonyesha ile bawaba iliyovunjika.

Akainuka, akaenda kwenye gari lake, tukasikia vyuma vinagongana, mapaipu, mafeni, jiko bovu. Akarudi na mlango wa friji bovu alioukwapua sijui wapi, rangi nyengine, lakini chini yake bawaba imekaa, nzima, na skrubu zake. Mjukuu wangu akaipima na ile iliyovunjika. Sawasawa, tundu kwa tundu.

"Nikupe nini?" nikamuuliza.

Akageuka huku na huku, macho yake yakaenda kwenye ngazi ya jikoni. "Bi mkubwa, ile si achari?"

Ilikuwa ile chupa. Tuliitoa ndani, mdomo nimeufunga kwa mfuko wa nailoni. Nikamwambia ichukue, lakini uiweke kwenye jiwe, usiiweke juu ya kitu chochote cha chuma. Akasema yeye nyumba yake yote ni chuma. Nikamwambia basi uile haraka. Akaondoka, achari mbele ya gari kama abiria, na friji langu likabaki.

Ijumaa baada ya swala rangi nyeupe, mkono wa kwanza na wa pili. Jumamosi tukalirudisha ndani, na mjukuu wangu akasema tuliache lipumzike kidogo kabla ya kulitia umeme, limehamahama. Hakumsikia babu yake akisema vile, alikuwa hajazaliwa. Nikaondoka nikaenda jikoni kidogo, nikarudi.

Tulipoliwasha likatetemeka, likanguruma, likatulia. Akachukua kipande cha gazeti akakibana na mlango, akaniambia nivute. Nikavuta, hakikutoka. Akakibana chini, karibu na bawaba, nikavuta, kikachanika. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Ilipofika alasiri barafu ikashika, tukaivunja tukaila tupu, na shoga yangu akaingia bila hodi akataka kipande chake. Akatafuna, akafikiri.

"Papa hayumo," akasema. "Nimemzoea, lakini."

Mwanangu alikuja wiki iliyofuata, ile ya mwisho ya mlisho. Alikuja kunichukua, tikiti yangu iko mfukoni mwake. Alipofika ukumbini alikuta watoto wanne wanalamba malai, na madumu mawili ya majaribio ya jirani. Akalizunguka friji. Akafungua, akafunga, akafungua. Akapitisha kidole kwenye kiraka hakukiona mpaka alipoonyeshwa. Juu hapana kitu, hata kitambaa. Akamuuliza mjukuu wangu mambo ya rangi, akajibiwa, akatikisa kichwa vile anavyotikisa akikubali. Kisha akauliza.

"Lakini kutu yote hii ilitoka wapi? Friji la mwenzangu liko karibu na bahari kuliko hili, halina hata doa."

Miye nikashughulika na malai. Mjukuu wangu alikuwa anafunga skrubu ambayo haikuwa na haja ya kufungwa.

"Mkoani hii, mjomba," akasema. "Hewa."

Mwanangu akasema ndiyo, hewa. Tukala mchana, wali na samaki, akatazama sinia huku na huku. "Mama, achari leo hakuna?"

"Imekwisha."

"Chupa nzima?"

"Ilipata mwenyewe, mjomba," mjukuu wangu akasema, na akanywa maji mengi.

Alipomaliza kula akakohoa. Nikajua sasa. Akasema, "Haya, mama. Ramadhani funga hapa. Sisi tutakuja Iddi, tule malai." Akatoa tikiti, akaitazama, akampa shoga yangu, ambaye alikuwa na harusi Unguja. Kwa hiyo maneno yake yale ya simu yalimlipa, na mpaka leo ananikumbusha.

Walipotoka tukabaki wawili jikoni, naosha sinia na yeye anapanguza. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, siku ile hukunijibu." Akacheka. Akasema yeye na yeye ana sharti: achari mpya ikae kwenye jiwe la uani, chini ya tenga, kuku wasiifikie, na kitambaa kisirudi juu ya friji kabisa. Nikakubali, ingawa la kitambaa liliniuma kidogo, nimekidarizi miezi mitatu. Kisha akaufuta mkono wake, akaniwekea juu ya kichwa, kama miye ndiye mtoto, akaniahidi:

"La achari mjomba hatolisikia kinywani mwangu, bibi. Na kila mwezi wa mlisho nitakuja kulikagua hili, miguu na bawaba, hata nikiolewa Kisiwa Panza. Weye kaa hapa hapa, utaitikia hodi."